Ibada Haiishii Msikitini



Ukiuliza katika kikundi cha kisomo, "Ibada ni nini?" majibu huja upesi. Mmoja atasema ibada ni sala. Mwingine atasema ni kufunga Ramadhani. Wa tatu atasema ni kwenda Hija kwa mwenye uwezo. Majibu yote hayo ni ya kweli.

Lakini hebu uliza tena. "Je, kuvua samaki ni ibada? Kupima karafuu ni ibada? Kusoma gazeti hili ni ibada?" Hapo watu hutazamana. Wengine hucheka. Wengine husema, "Ah, hayo mambo ya dunia."

Karibu watu wote wa Pemba ni Waislamu, na msikiti hauko mbali na nyumba ya mtu. Kwa hiyo jambo hili si dogo kwetu. Tukidhani ibada inaishia msikitini, tunaweza kusali vizuri sana na kuishi vibaya sana. Makala haya yanaeleza maana ya ibada, kisha yanatazama mambo matatu ya kila siku hapa kisiwani: mizani, bahari na kisomo.

NENO LENYEWE

Andika katika daftari lako maneno haya matatu: ibada, abudu, Abdalla.

Yatazame vizuri. Yote yana herufi b na d ndani yake. Ni maneno ya ukoo mmoja, na yote yametoka katika Kiarabu. Shina lake lina maana ya mja, yaani mtumwa. Kuabudu ni kumtumikia Mwenyezi Mungu kama mja amtumikiavyo Bwana wake, kwa utii na kwa mapenzi. Abdalla ni mja wa Mungu. Kijiji gani cha Pemba hakina Abdalla? Jina tunaliita kila siku, lakini maana yake hatuifikirii.

Sasa tujiulize. Mja ni mja saa ngapi? Ni mja akiwa katika sala tu, kisha akivaa viatu mlangoni mwa msikiti anakuwa bwana wa nafsi yake? Haiwezi kuwa hivyo. Mja ni mja mchana na usiku, shambani na pwani, mbele za watu na peke yake.

Kurani Tukufu, katika sura ya 51, inaeleza kwamba watu na majini wameumbwa ili wamwabudu Mungu. Kama ibada ingekuwa sala na saumu peke yake, basi sehemu kubwa ya maisha yetu ingekuwa nje ya lile tuliloumbiwa. Ndiyo sababu wanazuoni wamefundisha kwamba ibada ni jina la kila neno na kila tendo ambalo Mungu analiridhia, la siri na la dhahiri.

NGUZO TANO

Tusielewane vibaya. Kusema kwamba kazi ni ibada si kusema kwamba sala haina haja. Nyumba haisimami bila nguzo. Nguzo za Uislamu ni tano, nazo tunazijua tangu chuoni:

1. Shahada, yaani kushuhudia kwamba hakuna mungu ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake.
2. Sala tano kila siku.
3. Zaka.
4. Saumu ya mwezi wa Ramadhani.
5. Hija kwa mwenye uwezo, mara moja katika maisha.

Kila nguzo ina mafunzo yake. Sala humrudisha mtu kwa Mola wake mara tano kila siku. Ukihesabu rakaa za faradhi utapata hivi: alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Jumla ni rakaa 17.

Zaka inamfundisha mtu kwamba mali yake imo haki ya mwingine. Fedha ikifika kiwango kilichowekwa, na ikakaa kwa mwenyewe mwaka mzima wa Kiislamu, hutolewa sehemu moja katika arubaini. Yaani katika kila shilingi 40,000, zaka ni shilingi 1,000. Mpunga uliopata maji ya mvua, ukifika kiwango chake, hutolewa sehemu moja katika kumi. Mpunga uliomwagiliwa kwa gharama hutolewa sehemu moja katika ishirini, kwa kuwa mkulima ametoa jasho na fedha zaidi. Tazama uadilifu huo. Hata katika kutoa zaka, taabu ya mkulima imehesabiwa.

Saumu humzuia mtu na chakula ambacho ni halali yake. Basi mtu aliyeweza kuacha halali mchana kutwa, atashindwaje kuacha haramu?

HESABU YA DAKIKA

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme kila sala inachukua dakika 10. Sala tano ni dakika 50. Siku moja ina saa 24, nazo ni dakika 1,440. Toa 50. Zimebaki dakika 1,390.

Dakika hizo 1,390 ni za nani?

Sura ya 62, Suratul Jumua, inatupa jibu. Inawataka waumini wakisikia adhana ya Ijumaa waache biashara waende katika sala. Lakini haikomei hapo. Inasema kwamba sala ikishakwisha watu watawanyike katika ardhi, watafute fadhila za Mungu, na wamkumbuke sana. Yaani mtu hakuambiwa abaki msikitini kutwa. Ameambiwa atoke akatafute riziki, na akiwa katika kutafuta asimsahau aliyempa.

Imepokewa pia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikisifu chakula ambacho mtu amekipata kwa kazi ya mikono yake. Alimtaja Nabii Daudi kuwa alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Daudi alikuwa nabii na mfalme, na bado alifanya kazi. Na imepokewa kwamba mwenye kupanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Basi ule mnazi uliopanda, na kunguru akaudonoa, una hesabu yake.

Na mama zetu je? Mwanamke aliye katika hedhi hasali wala hafungi. Je, siku hizo yuko nje ya ibada? La. Anaweza kuomba dua, kumtaja Mungu na kulisha wenye njaa. Kulea watoto kwa nia njema ni ibada. Kumuuguza mzee aliyelala kitandani ni ibada kubwa, hata kama hakuna anayemwona anapofua shuka usiku.

KAZI INAKUWAJE IBADA?

Si kila kazi ni ibada. Mwizi naye hutoka usiku akachoka. Kazi huwa ibada ikiwa na mambo haya manne.

La kwanza ni nia. Mtu anakwenda kazini ili ale halali, alishe watu wake, na asiwe mzigo kwa wengine. Nia iko moyoni na haigharimu kitu.

La pili ni njia. Nia njema haihalalishi njia mbaya. Huwezi kuiba kuku ukachinja hitima.

La tatu ni haki za watu. Kazi isimdhulumu mteja, mfanyakazi, jirani wala mtoto.

La nne, kazi isimfanye mtu aache faradhi zake.

Mambo hayo manne tuyapeleke sasa kwenye mizani.

IBADA YA MIZANI

Karafuu ni zao kubwa la Pemba tangu karne ya 19. Msimu ukifika kila mtu ana shughuli. Vijana wanapanda mikarafuu. Nyumbani watu wanachambua, wanatenga karafuu na makonyo. Majamvi yanatandikwa, karafuu zinaanikwa. Mvua ikitishia, kijiji kizima hukimbia kuanua.

Katika kazi hiyo kuna milango mingi ya haki na ya dhuluma. Mchumaji analipwa kwa kipimo cha pishi. Pishi hiyo ni ya sawa, au imetiwa mkono ikajazwa mpaka ikafurika? Karafuu zinazopelekwa kituoni zimekauka, au kavu ziko juu na mbichi ziko chini ya gunia? Makonyo yametolewa, au yameachwa ili uzito uongezeke? Na yule mwenye mizani kituoni, je, mizani yake inasema kweli? Vivyo hivyo kwa mama zetu wanaolima mwani, na kwa mnunuzi anayekuja kuupima. Mchanga ukiachwa ndani ya mwani, mnunuzi amedhulumiwa. Mizani ikivutwa, mkulima amedhulumiwa.

Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la watu wa namna hii. Ni sura ya 83, Al-Mutaffifin, yaani wanaopunja. Inawaonya wale ambao wakijipimia wao hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza.

Iko pia hadithi inayofanana sana na gunia letu la karafuu. Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni akaona chungu ya nafaka inauzwa. Akaingiza mkono ndani, akakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, kumezidi nini? Yule mtu akajibu kwamba ilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Kisha akawaonya watu kuwa mwenye kughushi hayumo katika umma wake. Mtume hakumlaumu mtu yule kwa kunyeshewa. Mvua ni kazi ya Mungu. Alimlaumu kwa kuficha.

HAKI YA MUNGU NA HAKI YA WATU

Masheikh hutufundisha kwamba haki ziko namna mbili. Kuna haki ya Mungu na kuna haki ya watu.

Mtu aliyeacha sala kisha akatubu kwa kweli, jambo lake liko baina yake na Mola wake, naye Mola ni mwingi wa rehema. Lakini aliyemdhulumu mtu mwingine hatoki kwa kutubu peke yake. Ni lazima arudishe alichochukua, au amwendee aliyemdhulumu akamtake radhi.

Ukimpunja jirani yako kilo mbili, njia bado ipo. Unamjua. Nyumba yake unaijua. Unaweza kubisha hodi ukasema, "Nisamehe, na haki yako hii hapa."

Lakini kuna dhuluma ambayo hujui nani umemdhulumu. Hiyo ni nzito zaidi. Kuielewa vizuri, twende pwani.

KISIWA CHA MISALI

Magharibi ya Pemba, kiasi cha kilomita 10 kutoka pwani yetu, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba. Hakuna watu wanaoishi huko daima. Lakini wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba huvua katika maji yake, na wengine hupiga dago huko kwa siku kadhaa. Kasa na ng'amba hupanda katika fukwe zake kutaga mayai.

Wazee wanasimulia asili ya jina lake. Wanasema Nabii Khidhri, ambaye hapa wengi humwita Hadhara, alifika kwa wavuvi akaomba msala wa kusalia. Wavuvi hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Makka. Toka Pemba, Makka iko upande wa kaskazini. Ndiyo maana mabaharia wetu wa zamani upande huo waliuita kibla.

Haya ni masimulizi ya wazee, si aya ya Kurani. Hata hivyo yana fundisho. Wazee wetu walikitazama kisiwa cha uvuvi wakakiona msala. Hawakutenga mahali pa riziki na mahali pa ibada.

Hata hivyo, kwa miaka mingi msala huo ulikanyagwa vibaya. Walikuwako wavuvi waliovua kwa mshipi na dema, kama baba zao. Lakini walikuwako pia waliotumia njia za kuangamiza. Wengine walipiga kigumi, yaani kuyagonga matumbawe kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Wengine walikokota majuya yenye macho madogo. Wengine walitia utupa. Wengine walitumia baruti.

Baruti inafanya nini? Ikilipuka majini, maji husukumwa kwa nguvu kubwa. Samaki wengi wana kifuko cha hewa ndani ya mwili, na kifuko hicho hupasuka. Samaki mkubwa hufa, na kichanga hufa pamoja naye. Wengi huzama chini, na mpigaji huokota sehemu tu ya aliowaua. Matumbawe nayo huvunjika.

Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe tu. Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi kwa makundi. Ndilo nyumba ya samaki, ndilo mahali wanapojificha wadogo wakakua. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha sentimita 160, yaani kama kimo cha mtu, limechukua miaka 160 hivi kukua. Mlipuko mmoja hulivunja kwa nukta moja.

Sasa turudi kwenye lile suala la haki za watu. Aliyevunja nyumba ya samaki amemdhulumu nani? Amemdhulumu mvuvi wa kijiji cha pili ambaye kesho atarudi na dema tupu. Amemdhulumu mama anayesubiri kitoweo pwani. Amemdhulumu mtoto ambaye hajazaliwa. Hao wote atawatafuta wapi awatake radhi?

SHERIA NA NIA

Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar iliitangaza Misali na bahari inayoizunguka kuwa eneo la hifadhi. Sehemu moja ya maji ilifungwa kabisa isivuliwe, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa kwa uvuvi usioharibu. Wavuvi wenyewe waliunda jumuiya yao ya hifadhi, inayoitwa kwa kifupi MICA, na shirika la CARE lilisaidia.

Kwa nini kufunga sehemu? Samaki asiyesumbuliwa huishi akawa mkubwa. Jike kubwa hutaga mayai mengi sana kuliko jike dogo. Wakizidi, hutoka nje ya mpaka, na huko mvuvi huwapata. Ni kama mkulima anayeweka mbegu ya mpunga kando. Hata njaa ikibisha hodi, mbegu hailiwi, kwa sababu anajua akiila mwaka huu, mwaka ujao hana cha kupanda.

Lakini sheria ina upungufu wake. Bahari ni pana, usiku ni mrefu, na walinzi ni wachache. Mtu anayeogopa mlinzi tu atasubiri mlinzi alale.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1999, mafunzo ya dini yaliingizwa katika kazi hiyo. Taasisi moja ya Kiislamu yenye makao yake Birmingham, Uingereza, iitwayo kwa kifupi IFEES, ilishiriki. Mwasisi wake ni Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka. Mafundisho hayakuwa mageni kwa mtu aliyesoma chuoni. Mwanadamu ni khalifa katika ardhi, yaani mlinzi wa amana, siyo mwenye mali. Viumbe vimeumbwa kwa mizani, na mwanadamu ametakiwa asiivuruge. Na sura ya 30 inaeleza kwamba uharibifu hutokea bara na baharini kwa sababu ya yale yanayofanywa na mikono ya watu.

Mtu anaweza kupinga. "Bahari ni ya Mungu. Nani anizuie?" Kweli, bahari ni ya Mungu. Na ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kuiharibu. Makka yenyewe ni ardhi ya Mungu, na katika eneo lake takatifu mnyama wa porini hawindwi na mti wa porini haukatwi. Toka zama za Mtume pia palikuwapo maeneo yaliyoitwa hima, ambayo matumizi yake yaliwekewa mipaka kwa faida ya watu wote. Kuweka mipaka ili wote wapate si jambo geni katika Uislamu.

Mwingine atasema, "Mwenye njaa hana miiko. Mimi nina watoto saba." Hili nalo ni neno la kusikilizwa. Mvuvi aliyefungiwa bahari amepata hasara leo, na faida itakuja baadaye. Kwa hiyo viongozi nao wana ibada yao katika jambo hili. Ni kuwashirikisha wavuvi kabla ya kuamua, kutopendelea, na kutomfunga mwenye dema huku mwenye juya kubwa anaachiwa. Dhuluma ya kiongozi haigeuki kuwa haki kwa sababu ameitwa mhifadhi.

Mafunzo hayo hayakuwa dawa ya siku moja. Uvuvi mbaya haukwishi kwa semina. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza eneo kubwa zaidi la hifadhi katika mkondo wa Pemba, upande wa magharibi, na Misali imo ndani yake. Kazi ya kulinda inaendelea. Lakini Misali imetuonyesha jambo moja wazi: mvuvi anayejua kwamba mshipi wake ni sehemu ya ibada yake, hahitaji mlinzi wa kumkesha. Wazee walikwisha sema, chovya chovya yamaliza buyu la asali.

KISOMO NACHO

Tumalizie na jambo linalotuhusu sisi wa kisomo.

Wahyi wa kwanza kumfikia Mtume ulimwamrisha kusoma. Hilo tunalijua sote. Wengi wetu hapa Pemba tulikwenda chuoni tukiwa wadogo, tukasoma Kurani kwa herufi za Kiarabu. Kisha tukaja darasani tukiwa watu wazima kujifunza herufi nyingine. Mtu asikwambie kuwa hukuwa umesoma kabisa. Ulijua kusoma, lakini huenda hukujua maana ya ulichosoma.

Sasa maana unaweza kuitafuta. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliifasiri Kurani yote kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilitoka kamili mwaka 1969. Sura ya 62, ya 83 na ya 30 tulizozitaja hapa unaweza kuzifungua mwenyewe ukazisoma kwa Kiswahili, kisha ukamwendea sheikh wako akueleze zaidi.

Na si elimu ya dini peke yake. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba utabibu na hesabu ni katika faradhi za kifaya. Kilimo na ushonaji pia alivihesabu humo. Faradhi ya kifaya ni ile ambayo wakiifanya baadhi ya watu, wengine wamepumzika. Asipoifanya hata mmoja, mji mzima una lawama. Kuzika maiti ni mfano wake. Basi kijiji kisicho na hata mtu mmoja wa kusoma maelekezo ya dawa, wa kukagua hesabu za ushirika, au wa kusoma mizani kituoni, kinadaiwa.

Wewe uliyejua kusoma mizani sasa hudanganyiki. Na ukisimama karibu na mzee asiyejua kusoma, ukamsomea namba ya kweli, umefanya ibada.

Kesho asubuhi ukisha sali alfajiri, kunja msala wako uuweke mahali pake. Kisha nenda kazini kwako ukijua kwamba bado unahesabiwa.

MAANA YA MANENO

Amana: kitu ulichopewa ukitunze, si chako.
Dago: kambi ya wavuvi ya muda.
Faradhi ya kifaya: wajibu wa jamii nzima, unaotimia wakiufanya baadhi.
Kughushi: kudanganya kwa kuchanganya au kuficha kibaya.
Utupa: mmea unaotumiwa kulewesha na kuua samaki.

JADILIANENI KIKUNDINI

1. Taja mambo manne yanayoifanya kazi iwe ibada. Kazi yako ina mangapi katika hayo?
2. Mtu ana shilingi 4,000,000 zilizofika kiwango cha zaka na kutimiza mwaka. Zaka yake ni shilingi ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ni dhuluma gani inafanywa ambayo aliyedhulumiwa hajulikani kwa jina? Nini kifanyike?
4. Je, ni haki kumfungia mvuvi sehemu ya bahari? Semeni sababu za pande zote mbili kabla ya kuamua.